Mgonjwa Amepona, Mbona Hajatoka?

Leo tuzungumze habari ya siku ambayo kila jamaa yenye mgonjwa huiomba kwa Mungu: siku ya kutoka hospitali. Tunaiomba, tunaingoja, na inapofika mara nyingi inageuka siku ya mabishano na machozi. Daktari amesema mgonjwa aende nyumbani, lakini jua linatua na mgonjwa yungali kitandani. Kesho yake vilevile. Na anapotoka hatimaye, anatoka na mfuko wa vidonge ambao hakuna aliyekaa naye akamweleza atavimeza vipi na mpaka lini.

Ninalotaka kusema leo ni hili: kutoka hospitali ni sehemu ya matibabu. Hospitali inayomtibu mtu vizuri kisha ikamwacha mlangoni bila maneno, au ikamzuia bila kumweleza, haijamaliza kazi yake. Na katika mateso ya siku ile, mengi yanatokana na kutosemezana. Umaskini upo, tutaufikia. Lakini tuanze na ukimya, kwa sababu ukimya tunaweza kuuondoa hata kesho asubuhi.

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua kwa kupasuliwa. Sisemi hospitali fulani. Nyote mliowahi kulaza mtu mtaitambua njia hii. Ijumaa asubuhi daktari anapita vitandani, anatazama kidonda, kinaendelea vizuri, mtoto ananyonya. Anaandika kwenye fishi kwamba mama atoke, anaendelea na kitanda cha pili. Mama anafurahi, anafunga vitenge vyake, anamtuma mdogo wake akaite toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Hajui kwamba fishi ile ina safari ndefu. Lazima ifike kwa anayeandika fakitire. Huyo naye anangoja karatasi ya maabara, karatasi ya chumba cha upasuaji na karatasi ya dawa. Moja haionekani. Mchana unapita. Fakitire inapopatikana, anayepokea pesa amekwisha kufunga. Kesho Jumamosi, keshokutwa Jumapili. Mama na mtoto wanalala hapo mpaka Jumatatu, na kila usiku kitanda kinahesabiwa.

Sasa tazameni jambo la pili. Fakitire ile ndiyo mara ya kwanza jamaa kuambiwa jumla ya gharama. Tangu siku ya kuingia walikuwa wakilipa kidogo kidogo: glavu leo, serumu kesho, sindano usiku wa manane. Walidhani wanalipa matibabu. Siku ya mwisho wanaonyeshwa hesabu ambayo hawakuitarajia, na wanatakiwa kuilipa yote kabla ya kupewa karatasi ya kutoka. Bila karatasi hiyo sentinele hafungui lango. Baba anarudi nyumbani kutafuta franka, na kila siku anayotafuta, deni linaongezeka.

Watu wanaokaa ofisini wanaweza kudhani kwamba siku tatu au nne za kungoja ni kitu kidogo. Hapa kwetu Wagenia, kando ya maporomoko ya Kisangani, si kitu kidogo. Mnajua kazi yetu ya uvuvi. Mitego yetu mikubwa, iliyofungwa kwenye nguzo za miti katikati ya maji makali, hutazamwa asubuhi na hutazamwa jioni. Mtumbwi haupandi mkondo ule kwa mikono ya mtu mmoja. Unahitaji makasia ya wengi, na kila mwanamume ana nafasi yake. Baba akiwa anazunguka mjini kutafuta mkopo, kasia lake limelala. Mama mkwe akiwa hospitali kama gadimaladi, yaani mwangalizi wa mgonjwa, akilala chini kando ya kitanda, hakuna wa kuuza samaki sokoni wala wa kuwapikia watoto waliobaki. Na hospitali zetu kwa kawaida hazimpi mgonjwa chakula. Sufuria inatoka nyumbani kila siku, na kila siku kuna nauli ya anayeileta. Siku moja ya kuchelewa inakula mapato ya nyumba nzima. Yaani hospitali inayomzuia mtu ili alipe, inamnyang'anya kile ambacho angelipia.

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na simtetei mtu anayetibiwa kisha akatoroka usiku. Lakini kulipa kunataka mtu awe huru, afanye kazi, auze, aombe ndugu zake. Kumfungia mama na kichanga chake si njia ya kulipwa.

Jambo hili si la Kisangani peke yake. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch na chama cha haki za binadamu cha Burundi, APRODH, walitoa ripoti juu ya wagonjwa maskini waliokuwa wakizuiliwa katika hospitali za Burundi kwa sababu ya madeni. Walikuwamo mama waliojifungua kwa upasuaji, walikuwamo watoto. Mwaka huohuo, mwezi wa tano, serikali ya Burundi ilikuwa imetangaza matibabu ya bure kwa mama wanaojifungua na kwa watoto chini ya miaka mitano. Mwaka 2017 taasisi ya Chatham House ya London iliandika juu ya desturi hii na kuonyesha kwamba ipo katika nchi nyingi, hasa hapa Afrika. Na mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walitembelea hospitali na zahanati zaidi ya 20 katika Lubumbashi, katika nchi yetu hii. Isipokuwa moja, zote zilikuwa zinazuia wagonjwa wasiolipa.

Je, sheria inasemaje? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 17 kinasema uhuru wa mtu ndio kanuni, kumfunga mtu ni jambo la pekee. Tena tangu mwaka 1976 nchi yetu imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Deni la hospitali ni deni kama deni jingine. Mtu anaweza kudaiwa, anaweza kushtakiwa. Hawezi kugeuzwa rehani.

Majirani zetu wa Kenya walilifikisha jambo hili mahakamani. Wanawake wawili walizuiliwa katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu hawakuweza kulipa. Mmoja wao, aliyezuiliwa mwaka 2010, alilazwa sakafuni karibu na choo. Tarehe 17 Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuia kulivunja haki zao, akaamuru walipwe fidia: mmoja shilingi milioni 1.5 za Kenya, mwingine 500,000. Desturi haikuisha siku ile, lakini tangu hapo hakuna anayeweza kusema hajui kwamba ni kosa.

Wasikilizaji, haki ina pande mbili, na mimi sikuja hapa kuwatukana wauguzi. Nawajua, ni watoto wetu, ni dada zetu. Wengi katika hospitali za serikali hawamo kwenye orodha ya mishahara, au mshahara wao hautoshi hata nusu ya mwezi. Kinachowasaidia ni kile kidogo wanachogawana mwisho wa mwezi kutokana na malipo ya wagonjwa. Dawa, mafuta ya jenereta, pamba, yote yananunuliwa kutoka katika pesa hiyohiyo. Mgonjwa asipolipa, muuguzi anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo lango lile linalofungwa, mkono unaolifunga ni wa sentinele, lakini sababu imeanzia mbali: serikali imeiacha hospitali ijilishe yenyewe. Tangu Septemba 2023 serikali imeanzisha mpango wa kujifungua bure, ikianzia Kinshasa na kuueneza hatua kwa hatua katika majimbo mengine. Ni hatua njema, na tunaitaka itimizwe kikamilifu, kwa sababu mpango wa bure ambao hospitali hairudishiwi gharama zake unamrudia mgonjwa kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo, umaskini wa hospitali hauelezi kila kitu. Kumwambia baba kila baada ya siku mbili kwamba hesabu imefika hapa, kunahitaji pesa gani? Kumjulisha mama leo jioni kwamba huenda kesho akatoka, ili jamaa wajipange, kunahitaji mashine gani? Deni lililosemwa mapema, jamaa wanakaa, wanaita ndugu, wanauza mbuzi, wanaomba zamu yao ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana. Deni lililofichwa mpaka siku ya mwisho linawaangukia, na hapo ndipo mtu mwaminifu kabisa anaanza kufikiria kutoroka.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi hatulifikirii. Tunadhani hatari imekwisha mtu akitoka hospitali. Haijaisha. Huko Mbarara, Uganda, watafiti waliwafuata watoto zaidi ya 1,200 waliokuwa wamelazwa kwa maambukizo makali, wakatoka wakiwa hai. Katika miezi sita baada ya kutoka, idadi ya waliofariki ilikaribia kuwa sawa na idadi ya wale waliofariki wakiwa wodini. Na wengi wao walifia nje ya hospitali, bila kurudishwa kwa daktari. Fikirini: mtoto ameokolewa, jamaa wameshukuru, wamelipa, wamekwenda nyumbani, na mauti yamewafuata huko, pengine kwa sababu hakuna aliyewaambia waangalie nini.

Katika Kenya na Uganda tena, uchunguzi uliofanywa katika hospitali tisa na kutangazwa mwaka 2020 uliangalia watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Waliopewa dawa ya kukinga malaria kila mwezi kwa miezi mitatu baada ya kutoka hospitali walifariki au kulazwa tena kwa kiasi kilichopungua kwa asilimia 70 katika majuma waliyokuwa wakikingwa, kuliko wale wasiopewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo itumike mahali penye malaria nyingi. Na mahali penye malaria nyingi ni hapa kwetu, kando ya mto na msitu. Mtoto wetu anapoongezewa damu na kuchomwa sindano za artesunate, bado anahitaji kumaliza vidonge nyumbani, na anahitaji kutazamwa tena, maana damu inaweza kushuka upya ndani ya majuma manne. Mama asipoambiwa hivyo, akimwona mtoto amelegea atasema ni uchovu wa ugonjwa uliopita. Atangoja. Na huko kungoja ndiko kunakoua.

Ndiyo maana nasema maneno ya siku ya kutoka ni dawa. Na maneno hayo yasemwe kwa lugha ambayo jamaa wanaielewa: Kiswahili, Lingala, na kwa bibi wa hapa mtoni hata Kienya, lugha ya Wagenia, kama yupo muuguzi anayekijua. Karatasi ya Kifaransa daktari anamwandikia daktari mwenzake. Mgonjwa anahitaji kusikia mambo manne. La kwanza, nimeugua nini na nimefanyiwa nini. La pili, dawa hizi ni zipi, nazimeza saa ngapi, pamoja na chakula au bila chakula, mpaka siku gani. La tatu, nikiona dalili gani nirudi upesi, hata usiku: damu, usaha, homa, mtoto kukataa kunyonya, degedege. La nne, siku gani nirudi, kwa nani, na nitalipa kiasi gani. Kisha muuguzi asiulize tu kama nimeelewa, maana mbele ya koti jeupe sote tunajibu ndiyo. Aniambie nimrudishie maneno yale kwa kinywa changu. Nikikosea, anarekebisha. Dakika kumi zinatosha.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya, hapa Kongo hayawezekani. Nawajibu: yamewezekana hapa Kongo, tena katika wakati mgumu kuliko wote. Kumbukeni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Lakini 1,171 walipona, na mtu aliyepona hakusukumwa nje ya uzio. Alipimwa mara mbili kuhakikisha virusi vimeondoka katika damu. Alipewa cheti cha kupona. Jamaa zake waliitwa, majirani zake walielezwa kwamba anaweza kula nao na kukaa nao. Alijua kliniki atakakorudi kila mwezi, na alijua maswali gani ya kuuliza. Wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa Wakongo, madaktari na wauguzi waliosoma katika shule zetu. Najua fedha nyingi zilitoka nje. Lakini kukaa na jamaa na kuwaeleza hakukununuliwa kwa dola. Kulifanywa kwa sababu wakubwa waliamua kwamba kutoka kwa mgonjwa ni jambo la maana. Tukiweza kufanya hivyo kwa ugonjwa unaotisha dunia, tuweze pia kwa mama aliyejifungua na mtoto mwenye malaria.

Basi tufanye nini? Kwenu wakuu wa hospitali nina maombi yanayowezekana. Mgonjwa anapoingia, semeni bei, na kama kuna bei ya jumla ibandikwe ukutani ionekane. Mtajieni gadimaladi hesabu kila baada ya siku mbili, kwa karatasi. Tangazeni kutoka siku moja kabla, ili fakitire iandaliwe usiku na si mchana wa siku ile. Wekeni mtu wa zamu kwenye malipo Jumamosi na Jumapili. Usiku unaotokana na karatasi iliyopotea, msiuhesabu kwa mgonjwa. Mtu wa huduma ya jamii amwone maskini siku ya pili ya kulazwa, asingoje mpaka aonekane ameketi langoni. Na anayeshindwa kulipa, andikianeni naye mkataba wa kulipa kwa awamu, mbele ya mkuu wa mtaa au kamati ya eneo la afya, CODESA, kisha mwacheni aende akafanye kazi. Tena mpeni barua ya kupeleka kituo cha afya kilichomtuma kwenu, ili muuguzi wa huko ajue ampokee vipi.

Kwenu wahudumu wa afya wa mitaani, mnaotembea nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na vyandarua: tembeleeni pia nyumba ya aliyetoka hospitali juma hili. Ulizeni dawa ziko wapi, mtoto anakula, kidonda kikoje.

Na kwetu sisi jamaa, tusijitoe katika jambo hili. Siku ya kuingia tuulize bei, na tuulize kama ugonjwa huu una huduma ya bure. Kila karatasi ya malipo tuitunze, hata ya glavu, kwa sababu ndiyo ushahidi wetu. Tumchague mtu mmoja wa kusema na madaktari, badala ya watu sita kila mmoja na habari yake. Wanaume wa mitumbwi, mnagawana samaki kwa utaratibu mliourithi kwa wazee, na kila nyumba inajua fungu lake. Wekeni fungu dogo la ugonjwa humo humo. Mama za likelemba, fanyeni vivyo hivyo. Nyumba inayojiwekea wakati wa afya haikutwi mikono mitupu wakati wa homa.

Kwenu viongozi wa jimbo la Tshopo na wa Kinshasa: lipeni wauguzi. Mtu anayelipwa hana sababu ya kumshika mama mzazi kama dhamana. Na toeni amri iliyo wazi, yenye adhabu, kwamba hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari atakayezuiliwa kwa deni, wala maiti haitazuiliwa na wafiwa wanalia nje.

Wasikilizaji wapenzi, keshokutwa huenda mmoja wetu akawa na mtu wodini. Ukifika huko, ndugu yangu, usione haya. Muulize muuguzi kwa heshima: hesabu yetu imefika wapi, anatoka lini, tukifika nyumbani tuangalie nini? Uliza leo, uliza na kesho. Na wewe muuguzi unayenisikiliza, ukiulizwa, jibu. Kumjibu mgonjwa ni kazi yako kama vile kumchoma sindano.